Majani Yasiyo na Kivuli

Ko.

Kikapita kimya, kisha tena: ko.

Sauti ilinifikia kabla sijamwona mtu. Nilikuwa nimekaa ghorofani Mkunazini, katika Mji Mkongwe, spika za masikioni zimenibana kichwa, na kioo cha kompyuta mbele yangu kilikuwa visanduku vyeusi vyenye majina. Wanafunzi wangu huzima kamera ili wasimalize bando, kwa hiyo mimi hufundisha baiolojia kama mtu anayezungumza na wageni waliosimama nyuma ya mlango. Nawajua kwa sauti. Simai wa Uzi hukohoa kabla ya kujibu. Sumaiya wa Pete ana jogoo asiyejua saa. Na Riyama, anayesoma skuli moja ya kijijini kando ya Ghuba ya Chwaka, siku ile ndiye aliyekuja na hiyo ko.

"Riyama."

"Naam, Mwalimu."

"Uko wapi?"

"Nipo mikokoni, Mwalimu. Nnachuma fungu la mwisho."

Ko.

"Mikokoni," nikasema. "Na huko mikokoni nani anapasua kuni?"

Visanduku vikaanza kucheka. Simai akakohoa. "Mwalimu, huyo yuko uani kwao. Anachuma majani ya mpera."

"Washa kamera, Riyama, tuuone huo mkoko."

"Bando halitoshi, Mwalimu."

"Bando la kudanganya unalo, la kuonyesha huna."

Nililisema hilo mbele ya darasa zima, na wakati ule niliona nimesema vizuri. Shoka likagonga mara moja tena, kisha jina la Riyama likatoka kwenye kioo.

Darasa lile halikuwa langu peke yangu. Lilikuwa sehemu ya utafiti wa Bi Shaima, anayeandika tasnifu ya shahada yake ya juu kuhusu swali moja: je, mtoto wa kijijini mwenye simu tu anaweza kufanya sayansi ya kweli, au anakariri maneno na kuyarudisha? Tulichagua somo la jani la mkoko na nuru, maana mikoko ipo karibu na skuli zote tulizozishirikisha, na jani halidanganyi. Mti ule ule mmoja hutengeneza majani ya namna mbili. Linalopigwa na jua huwa dogo na nene, lijikinge na lisikauke. Linalokaa kivulini huwa pana na jembamba, liidake nuru kidogo inayolifikia.

Kila kundi liliambiwa lichague mti mmoja, lichume majani ya juu na majani ya chini, liyapange kumi kumi na kuyabana kwa rula ili kupima unene, liyachore kwenye karatasi ya miraba ili kupima upana, kisha litume picha na hesabu zake. Maagizo niliyaandika mimi. Sharti la kwanza lilisema mti uwe wa ndani ya msitu, usiwe wa ukingoni, kwa sababu ukingoni nuru huingia ubavuni na kuharibu kipimo. Na ili wasisahau, niliwatungia ubeti. Utungaji sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mwenyewe kwa kuhesabu mizani kwenye vidole, na sioni haya kusema kuwa ubeti ule ulikaa sawasawa:

*Jani la juani dogo, na unene limejaa,*
*La kivulini mtego, jembamba limetandaa,*
*Lakinga nuru kidogo, ipenyayo kwenye paa,*
*Mkoko wajua jua, nao wajua kivuli.*

Riyama aliughani siku ya pili tu, hakukosa hata silabi. Ndiyo maana matokeo yake yaliniuma zaidi.

Bi Shaima aliyaweka yote mezani Jumatano. Ya Uzi yalikuwa kama vitabu vinavyosema. Ya Pete vilevile. Ya kundi la Riyama, majani ya juu yalikuwa madogo na manene. Ya chini nayo yalikuwa madogo na manene. Ukiyachanganya huwezi kuyatenganisha tena.

"Wamechuma tawi moja wakaligawa mafungu mawili," alisema Bi Shaima.

"Wamenichezea," nikasema.

"Wewe si mada hapa, Khelef." Alivua miwani. "Nikiibakisha data ya kubuni, watu watasema darasa la simu ni mchezo wa watoto, na watasema kweli. Nikiitoa, lazima niandike sababu ya kuitoa."

"Utaandika nini?"

"Kwamba kundi limebuni matokeo. Na kundi lililobuni haliendelei na darasa. Ndiyo masharti waliyokubali wao na wazee wao. Kiongozi wa kundi ni huyo Riyama, na jina lake litakwenda skuli kwao hivyo hivyo."

Sikumtetea. Niliisikia tena ile ko kichwani na nikaona inatosha.

"Umeshafika huko wanakochuma?" akaniuliza.

"Mikoko ni mikoko, Bi Shaima."

"Hujafika, basi. Nenda kesho. Mimi ripoti naipeleka kesho hiyo hiyo jioni. Ukiniletea sababu, wanabaki. Bila sababu siwezi, hata wakiwa malaika."

Alkhamisi asubuhi nikawasha Vespa yangu. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kumwambia yule binti, na yalikuwa makali, yenye vina.

Walinisubiri mwisho wa njia ya mchanga, pale nyumba zinapokwisha. Riyama alikuwa mdogo kuliko sauti yake, mtandio umefungwa nyuma ya shingo, miguuni amevaa mabuti ya mpira ya mtu mzima. Pembeni yake alisimama mwanamke wa makamo mwenye ndoo ya chaza. Ni shangazi yake, Bi Mwatum. Binti asingeingia mikokoni na mwanamume mgeni bila mtu wa kwao.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Ndiwe mwalimu wa kwenye simu?" Alinitazama juu hadi chini. "Mimi nilidhani jitu. Sauti nene, kumbe mwenyewe mwembamba kama mpini."

"Shangazi," akasema Riyama.

"Nimesema nini? Kwani uongo? Vua viatu, mwalimu. Tope halitaki viatu vya mjini."

Nikavua. Riyama hakuniangalia usoni. Alitangulia, tukamfuata, na mara mikoko ikatufunika. Ilikuwa mikubwa, imesongamana, mizizi imejikunja kama magoti ya watu waliochutama, na chini yake kulikuwa na giza la kijani na ubaridi. Nikanyoosha mkono nikachuma jani la chini. Lilikuwa pana, jembamba, la kijani kilichokolea. Lilikuwa jani la ubeti wangu.

"Kivuli hiki hapa," nikasema. "Tele. Nini kilikushinda?"

"Huku ni ukingoni, Mwalimu," alijibu bila kugeuka. "Ulisema tusichume ukingoni."

"Basi tuingie ndani."

"Ndiyo nnakupeleka."

Tulikwenda kidogo tu. Nilikuwa nimeinama kupita chini ya tawi, na nilipoinuka nilifumba macho, maana jua lilinipiga usoni kama kofi. Nikadhani tumetokea upande wa pili, pwani. Nikafumbua macho nitafute bahari. Hapakuwa na bahari.

Hapakuwa na msitu.

Palikuwa na visiki. Vilianza miguuni kwangu na kwenda mpaka macho yangu yalipokomea, vingine vipya na vyekundu kama nyama, vingine vimeshapauka. Tope lililotakiwa kuwa laini na jeusi lilikuwa limekauka, limepasuka vipande, na juu yake chumvi imetanda nyeupe. Hapa na pale palisimama miti michache myembamba, mirefu kidogo kunipita mimi, kila mmoja peke yake. Na pande zote, ukigeuka, uliuona ule ukuta wa mikoko tuliyoipenya, umezunguka uwanja huu wote kama ua wa makuti unavyozunguka choo cha nje. Mtu aliyeko barabarani, au ndani ya boti, angeona msitu mzuri wa kijani. Kumbe lilikuwa ganda.

Bi Mwatum alinishika kiwiko.

"Kaa, mwalimu. Kaa juu ya kisiki, vipo vingi."

Sikukaa. "Tangu lini?"

"Kidogo kidogo. Hilo la nje wanaliita pazia. Pazia haliguswi. Mkubwa akija na gari lake, anashuka, anapiga picha pazia, anakwenda zake."

Riyama alikuwa amesimama karibu na mmoja wa ile miti ya pekee. Ulikuwa na uzi mwekundu kwenye shina, alama ya kundi lake. "Mti wetu ni huu," akasema. "Ni wa ndani, si wa ukingoni. Tulichuma ya juu, tukachuma ya chini. Kama ulivyosema."

Nikautazama. Jua liliupiga juu, liliupiga ubavuni, na lilirudi kutoka kwenye ile chumvi nyeupe likaupiga na chini. Hapakuwa na jirani wa kuutilia kivuli. Niliandika "majani ya chini" nikiwa mjini, na akilini mwangu chini kulikuwa kivulini, maana sikuwahi kufikiri kwamba mti unaweza kukosa kivuli chake. Nilichuma mwenyewe, kumi ya juu na kumi ya chini, nikayabana kwa rula. Yalikuwa sawa, manene, madogo, na hesabu zilikuwa zile zile za Riyama.

Yule binti alikuwa amefanya sayansi safi kuliko wote darasani. Na mimi nilikuwa nimemwita mwongo.

Nikatoa simu. Mtandao ulikuwepo, pazia halizuii mtandao. "Bi Shaima, majani ni ya kweli. Nimepima mwenyewe."

"Basi kwa nini hayatofautiani?"

"Kwa sababu…" Nikamtazama Riyama. Alikuwa anatikisa kichwa. Hakuwa anakataa kwa jeuri. Alikuwa anaomba. "Ntakueleza."

"Nieleze sasa, Khelef. 'Ntakueleza' siwezi kuiandika. Nna mpaka magharibi."

Akakata. Nikamgeukia Riyama. "Kwa nini hukusema darasani? Neno moja tu. Ungesema miti imekatwa, nani angekucheka?"

Alitazama upande wa kulia.

"Aseme mbele ya watu wote?" alisema Bi Mwatum, na sasa hakukuwa na mzaha sautini mwake. "Aseme nini, mwalimu?"

Ko.

Safari hii haikutoka kwenye spika. Ilitoka upande wa kulia, nyuma ya rundo la miti iliyokwisha kukatwa, na Riyama alifumba macho kama aliyepigwa yeye.

Nilikwenda kuelekea kule kwa hasira, naitafuta sura ya mtu wa kumtukana. Nikamkuta mzee wa miaka hamsini na kitu, mkavu, amevaa kile kizibao cha kijani kinachovaliwa na walinzi wa msitu wa kamati ya kijiji. Mgongoni kimeandikwa kwa herufi nyeupe: MLINZI. Mkononi ana shoka. Ulimi wangu ulisema "shikamoo" kabla akili haijafika.

"Marahaba," akasema. Kisha akaona walio nyuma yangu. Shoka likashuka taratibu. "Mwatum. Mbona umemleta mtoto huku?"

"Mtoto ndiye kaja na mwalimu wake," alijibu Bi Mwatum. "Mwalimu, huyu ni ndugu yangu, Mkadam. Baba yake Riyama."

Kumbe ile ko niliyoisikia Mkunazini haikuwa kuni wala uani. Binti alikuwa amesimama pale pale nilipomtuma, ananijibu "naam, Mwalimu", na baba yake anakata msitu nyuma ya mgongo wake. Na mimi nilimuuliza mbele ya watu nani anapasua kuni.

"Wewe ndiwe mlinzi," nikasema. Hilo ndilo pekee lililonitoka.

"Nimelinda miaka mingi, kijana. Nikalinda bure. Fundi akaja kutoka kwenu mjini, akataka boriti." Aliongea polepole, hakuonyesha kuogopa. "Mnasema nyumba za Mji Mkongwe zihifadhiwe. Dari ikianguka, irudishwe kama ya zamani, kwa boriti za mkoko. Mlidhani zinaota dukani?"

Nilikuwa na jibu kali, lenye vina. Lakini dari ya chumba ninachofundishia ilibadilishwa boriti mwaka jana. Niliisifu mbele ya fundi.

"Kuna tofauti ya kukata na kumaliza," nikasema hatimaye.

"Ipo. Naijua kuliko wewe." Akaipangusa shingo. "Sasa unataka nini? Unataka kwenda kusema?"

"Leo kabla ya magharibi lazima nitoe sababu. Nisipoitoa, Riyama anafutwa darasani."

"Mfute," akasema Mkadam. "Darasa la simu. Nani kafa kwa kufutwa kwenye simu? Atasoma skuli kama wenzake. Mimi ukinitaja nnalala ndani."

"Ulale," alisema Bi Mwatum.

"Mwatum, nyamaza."

"Nimenyamaza tangu mwaka juzi. Nikija kuchuma chaza narudi na ndoo tupu, nanyamaza. Sasa nimechoka, lala."

Wakaanza kurushiana maneno kwa Kimakunduchi, maana mama yao alitoka huko, na mimi nikashika moja nikaachwa na mawili. Ndipo Riyama aliposogea karibu yangu. Alisema kwa sauti ndogo, lakini walisikia wote, kwa sababu kwenye uwanja ule hakukuwa na jani la kuizuia sauti.

"Mwalimu, yafute."

"Nini?"

"Majani yetu. Yafute. Sema nilichuma uani kwetu. Sema ni majani ya mpera, kama alivyosema Simai. Mimi ntakubali mbele ya darasa."

Alisema akiwa amesimama wima, mikono ubavuni, kama anavyosimama mwanafunzi anayejibu swali alilolijua vizuri.

Mkadam aliacha kugombana na dada yake. "Mpera gani?"

Bi Mwatum alinitazama mimi.

"Nimeuliza, mpera gani? Atakubali nini mbele ya watu?"

"Kwamba amebuni," nikasema.

"Kubuni ndiyo nini?"

"Ndiyo kudanganya, mzee. Hafutwi hivi hivi. Itaandikwa kwamba Riyama binti Mkadam ametunga majani ya uongo, na karatasi itakwenda kwa mwalimu mkuu wake. Darasa limeshaamini. Mimi mwenyewe nimemwita mwongo, mbele ya wenzake wote. Nililisikia shoka lako nikadhani yuko nyumbani."

Sura yake ilibadilika taratibu, kama mtu anayesoma kitu kwa herufi moja moja. Alimtazama binti yake, akanitazama mimi, akamtazama tena.

"Huyu?" akasema. "Huyu alikuja mwenyewe kuniambia kuwa kala mchana wa Ramadhani, na hakuna aliyemwona. Wakati huo ana miaka saba. Huyu mmemwita mwongo?"

"Mimi nimemwita."

"Kwa sababu ya shoka."

"Kwa sababu ya shoka."

Nilidhani atanirukia, na ningempisha anipige. Hakunirukia. Alikaa juu ya kisiki kana kwamba kiuno kimekatika, na kile kizibao kikamvimba mabegani, MLINZI likajikunja. Shoka lililala topeni. Kaa mmoja mdogo alitoka kwenye ufa, akalinyanyulia shoka lile gando lake, akarudi ndani.

"Riyama," akasema.

"Naam, Baba."

"Ulikuwa unajua watakuandika hivyo?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Mwalimu alivyoniambia niwashe kamera. Ningewasha wangekuona."

Mkadam alijifunika uso kwa viganja vyenye utomvu. Bi Mwatum aliweka ndoo chini. Jua lilikuwa limeshapanda, na sote wanne tulikuwa ndani yake kama ile miti myembamba, hatuna pa kuliepuka. Nilitamani kusema kitu cha kumsaidia, au cha kumchoma. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona kuwa neno langu lingeharibu.

"Sema, Mkadam," alisema Bi Mwatum. "Mtoto anakungoja."

Alitoa mikono usoni. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti haikuyumba. Hakuniangalia mimi wala dada yake.

"Riyama, mwanangu, nisikilize. Wallahi, kabla jua halijachwa leo ntasema na huyo bibi wa mjini kwa mdomo wangu, nimwambie majani yako ni ya kweli, hata moja hukulitunga. Na kesho, tukitoka sala ya Ijumaa, ntasimama mbele ya sheha wa kijiji na kamati nzima, nivue hiki kizibao, niwaambie kivuli nimekikata mimi."